Nati Mbili za Shaba

"Mfungue pingu," alisema Luteni Idalmis Rondón.

Koplo wa zamu alisita. "Ndugu Luteni, Kapteni kasema huyu asiguswe mpaka treni ije."

"Kapteni huyohuyo kaniruhusu nifanye jaribio. Umeona wapi mtu anafunga ekzosi mikono ikiwa nyuma?"

Pingu zikafunguliwa. Idalmis akazitia kwenye mkoba wake. Leovigildo Zayas alijisugua vifundo vya mikono yake minene, kisha akaitazama yadi ya nyuma ya kituo kama mwenye nyumba aliyerudi akakuta wageni wamemchafulia sebule. Rikimbili zilizokamatwa zilikuwa zimeegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine: baiskeli za Kichina zilizopachikwa injini za pampu za maji, chupa za soda zikiwa matangi, mitungi ya kuzimia moto ikiwa imekatwa na kuchongwa ekzosi. Sheria ilizikataza. Lakini mabasi yalikuwa yamekufa tangu Warusi waende zao, na Santa Rufina nzima, mwenye haraka alipanda rikimbili. Nusu ya zile za ukutani zilikuwa kazi ya Leovigildo.

"Mwanangu yule pale," alisema. "Na yule. Yule mwenye tangi jekundu mmemlaza kifudifudi. Nyie hamna huruma?"

"Mzee Zayas, mimi sina muda wa masihara. Wewe unao kidogo kuliko mimi."

Toka kiwanda cha sukari harufu ya molasi ilikuja nzito, tamu ya kuchefua, na juu ya bomba la kiwanda tumbusi walikuwa wakizunguka bila kupiga bawa.

Katikati ya yadi, juu ya gunia, ilikuwa imelazwa rikimbili ya Osmany Tejeda. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja vibaya. Osmany, mchochea tanuri wa kiwandani, alikuwa akiteremka mlima kwenda kwenye zamu ya mchana, Ijumaa iliyopita. Chini, mahali barabara inapokatiza reli ya treni za miwa, ekzosi ilichomoka upande wa mbele ikaning'inia kwa nyuma, mdomo wake ukachimba kati ya mataruma, na baiskeli ikamrusha kama fahali. Alivunjika shingo. Aliyeifunga ekzosi ile, wiki moja kabla, ni Leovigildo. Na siku mbili kabla ya kifo, mezani kwenye domino, mbele ya watu wasiopungua ishirini, Leovigildo huyo alimfokea Osmany: ipo siku utavunjika shingo juu ya kazi yangu, nami nitacheka.

Kapteni hakuhitaji zaidi. Jioni hii mzee angepandishwa treni ya kwenda Holguín, na huko hakuna aliyekuwa akirudi upesi kwa kosa la kuua.

"Ulimtishia," alisema Idalmis.

"Aliniibia kete ya dabo tisa! Mtu anaficha dabo tisa kwenye kiganja halafu anajifanya anakohoa. Wewe ungembusu?"

"Na ulisema kwenye maelezo yako kwamba ekzosi ukishaifunga wewe, hakuna mkono mwingine unaoweza kuifungua."

"Nimesema. Na nitasema tena."

"Unajua maana yake?"

"Maana yake mimi ni fundi."

"Maana yake kama hakuna mwingine aliyeifungua, basi ni wewe uliyeifunga vibaya. Kwa makusudi."

Idalmis alimwonyesha ile rikimbili yenye tangi jekundu. "Hiyo ni yako?"

"Kila kipande."

"Ivue ekzosi, uifunge upya. Namna yako."

Alimpa spana. Mzee akachuchumaa, na mara akawa mtu mwingine. Maneno yakamwisha. Alilegeza kwanza kibano cha nyuma, kile kinachoishika ekzosi chini ya ekseli. Ndipo akaja mbele, akafungua nati mbili zilizobana bamba la ekzosi kwenye injini. Akaweka gasketi mpya aliyoikata kwa mkasi kutoka kwenye kipande cha asbesto ya kuzibia tanuri. Akairudisha ekzosi, akazungusha nati kwa vidole tu, bila spana. Akalala chini, shavu kwenye vumbi, jicho moja limefumbwa, akiangalia bomba linavyopita chini ya pedali. Akalisukuma nje kidogo. Akazungusha pedali taratibu: mkono wa pedali ukapita na kuacha nafasi ya vidole viwili. Cheni nayo ikapita. Akasogeza tena, unene wa ukucha.

"Mafuta," alisema bila kuinua kichwa.

Koplo akaleta petroli kidogo kwenye kopo. Injini ikakohoa, ikawaka, yadi ikajaa moshi wa bluu. Leovigildo aliiacha ingurume. Kila mara alitema mate kwenye bomba, na mate yalipoanza kuruka kabla ya kugusa chuma, aliizima. Hapo ndipo alipokaza nati za mbele, kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena. Mwisho kabisa akaenda nyuma akakaza kibano.

"Kwa nini nyuma mwisho?" Idalmis aliuliza.

"Chuma kikipata moto kinataka kulala kinavyotaka chenyewe. Unakiacha kilale, ndipo unakifunika shuka."

"Sawa. Sasa fungua mbele. Nyuma usiguse."

"Huo ni ushenzi."

"Fungua, mzee."

"Sifungui. Nipelekeni Holguín."

Idalmis akavua saa, akaiweka mfukoni, akachukua spana mwenyewe. Baba yake alikuwa na rikimbili kabla ya koplo huyu kuzaliwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia spana. Alifungua nati mbili za mbele, akiwa amekunja kitambaa mkononi kwa joto. Ya pili ilipotoka, bomba liliruka pembeni, kama mtu aliyeguswa ubavuni, likasimama mbali na bolti zake.

"Lirudishe," alimwambia koplo.

Koplo akasukuma, akavuta. Bomba likagoma. Akajaribu kwa goti, akaruka nyuma akipuliza suruali.

"Si umeambiwa lina moto, wewe?" Leovigildo akacheka. "Hutaweza, kijana. Mpaka ulegeze nyuma."

"Na kama hujui kwamba unatakiwa kulegeza nyuma?" Idalmis alikuwa tayari ameshika bisibisi. Aliichomeka kati ya bamba na injini, akakandamiza. Bomba likalalamika, likaingia. Kwenye ukingo wa bamba ukabaki mkwaruzo mfupi, mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili.

Akainuka, akaenda kwenye gunia, akaigeuza ekzosi ya Osmany.

"Njoo uone."

Mzee akaja. Akainama. Kwenye ukingo wa bamba, mahali palepale, palikuwa na mkwaruzo mfupi, mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili.

Idalmis akatoa bahasha mfukoni, akamdondoshea kitu kiganjani. "Hii niliiokota relini. Nyingine haikuonekana."

Leovigildo aliitazama ile nati kana kwamba ametemewa mate. Ilikuwa ya chuma, imeota kutu, nyuzi zake zimelika. "Hii? Hii umesema ni yangu?"

"Kapteni ndiye anasema."

"Mwambie Kapteni aende akaoge." Akanyoosha kidole kwenye rikimbili yenye tangi jekundu. "Zangu ni zile. Shaba. Nachonga kwa tupa toka kwenye vali chakavu za kiwanda, ndefu, pembe sita, na pembe moja naiondoa ncha iwe alama yangu. Shaba haigandi kwenye chuma cha moto, na ikishakazwa hailegei. Osmany nilimfungia mbili mpya. Hii takataka…" Akasita.

"Endelea."

Mzee alitazama chini. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Chagua, mzee wangu," Idalmis alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ama wewe ni fundi ambaye kazi yake ilifunguliwa na mtu mwenye bisibisi. Ama wewe ni muuaji. La tatu sina."

Koplo akageuka kutazama ukuta, kama mtu anayemwona mwenzake akivua nguo.

"Andika ilifunguliwa," Leovigildo alisema hatimaye. "Lakini andika pia kwamba aliyeifungua ni mjinga."

"Na mwenye haraka," alisema Idalmis. "Hilo nitaliandika."

Alichukua baiskeli yake akatoka, pingu bado zikiwa mkobani. Nyuma yake alimsikia koplo akiulizia pingu zake. Bila pingu hawangethubutu kumsafirisha mtu wa kesi ya kuua. Haikuwa dawa, lakini ilikuwa pumzi.

Njiani akafikiri. Ijumaa ile Osmany alirudi na rikimbili nyumbani kula, bomba likiwa bado la moto, akalala kidogo kama afanyavyo kila mtu, kisha akatoka kwenda kifoni. Rikimbili ilikuwa ukumbini, na ukumbi unatazama barazani kwa wacheza domino, ambao huona hata paka akipita. Hawakumwona mtu akiingia. Mkewe, Mireya, alikuwa kwenye foleni ya mkate; foleni nzima ilimshuhudia. Ndani alibaki Osmany aliyelala, na shemeji yake, Arsenio Palmero, ambaye alisema naye alilala.

Kushuku si kushika. Lakini palikuwa na zile nati. Aliyezivua angeweza kuzitupa mtoni na leo kusingekuwa na kesi. Idalmis alijua hakuzitupa. Santa Rufina mwaka ule msumari uliopinda ulinyooshwa, dawa ya meno ilikamuliwa kwa chupa, na mtu alikuwa radhi kuua kabla ya kutupa shaba nzuri. Nati zile zilikuwa mahali fulani, zikifanya kazi.

Mireya alimfungulia mlango akiwa na khanga ya kufungia kichwa na macho yaliyovimba. "Ingia, dada. Usijali vumbi. Kahawa ipo, ila ni njegere zaidi ya kahawa."

"Ndiyo niliyoizoea."

Nyumba ilikuwa ya mbao, pana, yenye dari la juu. Nyumba ambayo siku hizi mtu hapati tena. Jikoni, jiko la mafuta ya taa lilikuwa likiwaka kwa moto mkali, na juu yake sufuria ya presha ikitoa mluzi, kile kidude cha juu kikicheza. Arsenio aliinuka toka mezani. Alikuwa mzuri wa sura, ndevu zimenyolewa, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa.

"Ndugu Luteni. Mmeshampeleka yule muuaji?"

"Bado. Vidole vimekuwaje?"

"Mafuta ya kukaangia. Yaliniruka."

Mireya akacheka kicheko kikavu, cha kwanza pengine tangu mazishi. "Mafuta gani wewe? Humu ndani mafuta ya kula tumeyaona lini? Mwezi wa pili? Ulikaangia kwa baraka za Mungu?"

"Yalikuwa ya jirani," alisema Arsenio.

"Jirani yupi huyo tajiri? Nitajie nikamchumbie."

Arsenio alitabasamu, lakini macho hayakushiriki. Idalmis akanywa kahawa yake. Ilikuwa chungu, yenye unga unga. Hakusema neno juu ya vidole. Malengelenge yaliyochungulia chini ya kitambaa yalikuwa upande wa ndani, mahali mtu anaposhikia nati.

"Dada Mireya, sasa utafanya nini na nyumba hii?"

"Kile tulichopanga na Osmany. Nabadilishana nyumba. Kuna mama mmoja Gibara ana chumba kimoja na kibaraza, anataka kurudi huku kwa ndugu zake. Anakuja na wanawe saba, mie naenda peke yangu. Karatasi nitasaini Jumatatu." Akapangusa meza isiyo na uchafu. "Kila ukuta hapa una Osmany. Siwezi."

"Na huyu mdogo wako?"

"Arsenio mtu mzima, atajitafutia pa kukaa. Chumba kimoja, dada. Nimweke wapi, dirishani?" Akamgeukia. "Hatukugombana, sivyo? Alinuna mwanzo, Osmany alipomwambia. Sasa ameshaelewa. Mpaka leo asubuhi kanitengenezea sufuria yangu, ilikuwa inavuja toka zamani. Kumbe akitaka anaweza."

"Kidogo tu," Arsenio alisema. "Usikifungue kile kidude, lakini. Acha mpaka maharage yaive sawasawa. Nakuja, nakwenda kuchota maji."

Akachukua ndoo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Idalmis akaitazama sufuria. Kwenye kifuniko, mahali pa ule mpira mdogo wa usalama unaotakiwa kuruka presha ikizidi, palikuwa na bolti. Bolti ilikuwa imekazwa kwa nati. Na kirungu cha kushikia kifuniko, kile cha katikati, nacho kilishikwa na nati kama hiyo.

Zilikuwa ndefu. Zilikuwa za rangi ya njano iliyofifia. Pembe sita, na pembe moja haikuwa na ncha.

Halafu akatambua jambo lingine. Mluzi ulikuwa umekoma. Kidude cha juu kilikuwa kimesimama wima, hakichezi, hakitoi hata uzi wa mvuke, mvuke haukuwa tena na pa kutokea, na chini yake moto ulikuwa bado mkali, wa bluu, ukilamba sufuria mpaka ubavuni.

"Dada Mireya," alisema, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Inuka."

"Nini tena?"

"Inuka, utoke nje. Sasa hivi."

Mireya akainuka kwa sababu ya uso wa mwenzake, si kwa maneno. Idalmis akajikunja chini ya usawa wa meza, akanyoosha mkono, akazungusha kifungo cha jiko. Moto ukapungua, ukawa wa njano, ukafa. Sufuria ikatoa mlio mdogo wa chuma, kama jino likisagwa. Akamshika Mireya kiwiko, akamtoa kwa mlango uleule alioutumia Arsenio.

Jua la uani liliwapofusha. Bomba la maji lilikuwa pale karibu na mlango. Ndoo ilikuwa imeachwa chini yake, tupu. Arsenio hakuwa kwenye bomba. Alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, amechuchumaa nyuma ya tangi la zege, na kichwa tu ndicho kilichoonekana. Alipowaona wametoka wote wawili, alisimama polepole.

"Kumekuwaje?" aliuliza.

"Hakuna kitu," Idalmis alisema. "Maharage yameiva. Dada yako mikono imemlegea leo. Ingia ukatuletee sufuria."

"Mimi?"

"Moto nimeshazima. Ni kuinyanyua tu, uweke mezani, ufungue kile kidude kidogo. Si wewe uliyeitengeneza?"

Arsenio aliutazama mlango wa jikoni. Ndani mlikuwa kimya. Tumbusi mmoja akapita chini, kivuli chake kikakata uwanja na kupanda ukutani. Vidole vilivyofungwa kitambaa vilikuwa vikifunguka na kujifumba.

"Iacheni ipoe," alisema.

"Kwa nini ipoe?" aliuliza Mireya. Hakuwa akimuuliza Luteni. Aliuliza kama dada anavyomuuliza mdogo wake aliyemnawisha uso utotoni. "Sufuria ya maharage, Arsenio. Kila siku naifungua. Kwa nini ipoe?"

Arsenio aliitazama ndoo tupu kule bombani.

"Nenda basi," alisema Mireya, na sauti ikaanza kumkatika. "Nenda uniletee maharage yangu. Nakuomba. Nenda."

Akaonekana kama anataka kwenda. Kifua kilielekea mlangoni. Lakini miguu yake ilirudi nyuma, hatua moja, ikampeleka mpaka kwenye ukuta wa tangi, na hapo ikakwama.

Mireya aliketi chini palepale, juu ya udongo, akajifunika uso kwa ile khanga.

Mbali, kwenye kona ya mashamba ya miwa, treni ya Holguín ikapiga honi ikiingia stesheni. Idalmis akavuka uwanja, akizitoa pingu mkobani. Alizifunga kwanza mkono wa kushoto, kisha ule wenye kitambaa, naye Arsenio hakupinga. Zilikuwa zimelegea, bado kwa kipimo cha mikono minene ya mzee Zayas.

Akazikaza, kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, mpaka zikalala sawasawa.